Brashi ya Lindor

Kopo la rangi lilikataa kufunguka, na gati zima lilikuwa linatazama.

Baudilio Chiguay alipiga magoti kwenye mbao zilizolowa, akachomeka kisu chini ya kifuniko, akabinya. Wapi! Mvua ilikuwa ile ile ya kila siku, nyembamba, inakuja kwa ubavu na kukuingia shingoni kama inakujua. Akahamisha kisu, akabinya tena kwa nguvu zote, na kifuniko kikaruka kama chura.

"Afadhali!" Chindo alipayuka kutoka kwenye boti yake. "Mzee Baudi, nilidhani tutapaka mwakani!"

"We jali injini yako. Mwaka jana tulikukokota kwa kamba kama ng'ombe mgonjwa."

"Ng'ombe hakuwa mgonjwa, alikuwa anadeka!"

Watu wakacheka. Baudilio naye akatabasamu kidogo, upande mmoja tu wa mdomo. Kisha akachukua brashi iliyofungwa kwenye gunia, na kicheko kikakatika. Brashi ile wote waliijua. Ilikuwa ya Lindor, kaka yake.

Kila Oktoba, kabla wageni hawajaanza kumiminika, mtu mmoja huenda kwa Mjane na brashi. Mjane ni ule ukuta wa barafu mwishoni mwa maji, unaoshuka kutoka milimani na kumeguka baharini. Mwenye brashi huzima injini mbele yake. Huchemsha birika, hunywa chai ya yerba kwenye kibuyu, taratibu, mpaka kipande kianguke. Hutazama wimbi linapanda hadi wapi kwenye miamba, halafu huchora mstari mweupe. Kuanzia siku hiyo hakuna boti inayovuka mstari, msimu mzima. Wenzake hungoja nyuma, kwenye mstari wa mwaka jana, na wakiuona weupe mpya kila boti inapiga honi mara moja. Honi zote zikishalia, mstari umepita, haufutwi tena. Aliyeshika brashi habishaniwi.

Sasa hapo ndipo penye tatizo. Miaka kumi na moja mfululizo, tangu Lindor afe, Baudilio alikuwa anapaka mwamba ule ule. Rangi juu ya rangi, mpaka mstari ukawa mnene kama kidole. Lakini Mjane hakumngoja. Alirudi nyuma, akarudi tena, mwishowe akajificha nyuma ya kona. Ukisimama kwenye mstari leo unaona jiwe jeusi na maji ya rangi ya majivu. Basi. Februari iliyopita bibi mmoja Mjerumani, kasafiri siku tatu, alitazama kushoto, akatazama kulia, akauliza kwa upole kabisa, "Samahani, iko wapi?"

Yasna, binti wa Baudilio, nusura afe kwa aibu siku ile.

Yasna alikuwa na miaka ishirini na nne na ndiye aliyepanga safari zote za boti yao. Kila kitu alikiandika kwenye kipande cha kadibodi ukutani: saa mbili kuondoka, saa tano supu ya kome na mkate wa kukaanga, saa sita barafu. Msimu huu alikuwa amempata mtu, bwana Ítalo, wakala wa meli inayopita kila Alhamisi. Wageni arobaini kwa wiki, kiangazi chote, boti zote za kijiji ziwagawane. Sharti lilikuwa moja. Waione barafu kwa karibu, si kwa kuambiwa.

"Baba, mimi sikutishi," alikuwa amemwambia jana wakimenya viazi. "Nakwambia tu ukweli. Hii ikishindikana, Jumatatu napanda feri. Kile kiwanda cha samaki kule mjini Puerto Montt kinaajiri."

Baudilio aliendelea kumenya. Alikijua kiwanda. Mke wake alikaa miaka sita mle, kwenye barafu na visu, akarudi na vidole visivyoweza kufunga kifungo cha shati. Mpaka anazikwa, Baudilio ndiye aliyekuwa akimfungia.

Waliondoka watatu: Baudilio na kopo lake, Yasna kwenye usukani, na Ítalo ndani ya jaketi la rangi ya chungwa ambalo bado lilikuwa linanuka harufu ya dukani. Boti nne ziliwafuata. Kwenye mstari wa zamani boti zile zikasimama, Chindo akiwa mbele.

"Mzee Baudi!" alipiga kelele. "Usitupakie tena kule kwa bibi wa Kijerumani! Watoto wanataka viatu!"

"Sogeza mbele, mzee!" mwingine akadakia. "Sogeza!"

Yasna hakugeuka. Lakini Baudilio aliona masikio yake yamekuwa mekundu.

Wakaenda peke yao mpaka kwenye kona, wakaikunja nusu. Na huyo hapo! Mjane mzima mzima, bluu ya kutisha, amebanwa kati ya kuta mbili za mawe kama mtu aliyekwama mlangoni. Ítalo aliachama. Simu yake ilikuwa juu kabla hajafunga mdomo.

"Mungu wangu," alinong'ona. "Hapa. Hapa hapa, don Baudilio."

Baudilio hakuitazama barafu. Alitazama kuta. Zilikuwa zimesimama wima, zimekaribiana, hazina ufukwe wala mteremko. Pale kwenye mstari wa zamani maji yana nafasi ya kujitandaza na kuchoka. Hapa yangechokea wapi?

"Zima," akasema.

Injini ikanyamaza. Baudilio akawasha jiko dogo la gesi, akaweka birika. Barafu ndogo ndogo zilikuwa zinapasuka majini, tik, tik, tik. Akanywa kibuyu cha kwanza, akampa Yasna. Yasna akanywa, akarudisha. Ítalo alipewa naye, akaungua ulimi, akacheka peke yake.

Birika la kwanza likaisha. Mjane kimya.

Baudilio akajaza la pili.

"Samahani, don Baudilio," Ítalo alisema. "Tunasubiri nini hasa?"

"Aseme."

"Na asiposema?"

"Tunarudi nyumbani bila kupaka. Tunakuja siku nyingine."

Ítalo akamtazama Yasna. "Mimi feri yangu ni leo jioni, señorita. Wenzangu wanataka jibu. Kuna kijiji kingine kule kusini, unajua."

"Najua," Yasna alisema.

Birika la pili likafika nusu, likafika robo. Mvua ikaacha, na ule ukimya ukazidi kuwa mkubwa. Na ukimya huu Baudilio aliujua! Aliwahi kukaa ndani yake, kwenye boti hii hii, miaka kumi na miwili iliyopita, mabirika mawili na hamna kitu, Lindor amekaa mbele na brashi mapajani, anasubiri kama mtu aliye kanisani. Baudilio alikuwa na baridi, ana njaa, ana wageni kesho yake. Alisema maneno mawili tu. Lindor akacheka, akasema haya basi, akapaka. Februari wimbi likamchukua Lindor hapo hapo kwenye mstari wake mwenyewe. Brashi waliikuta ndani ya boti. Lindor hawakumkuta. Kijiji kizima kilisema, maskini, alikosea hesabu. Baudilio akaacha waseme.

"Baba," Yasna aliita taratibu.

"Ee."

"Chai imepoa."

Baudilio aligeuka ghafla, kama aliyepigwa kofi. Yasna wala hakuelewa. Alikuwa amekaa tu na mikono juu ya usukani, vidole vyake virefu, vizima, kucha zimepakwa rangi nyekundu iliyoanza kubanduka. Baudilio alivitazama vidole vile. Akavitazama muda mrefu mno.

Kisha akachukua kopo na brashi.

"Nisogeze kwenye jiwe."

"Kweli, baba?"

"Nisogeze kabla sijabadili mawazo."

Yasna aliusogeza ubavu wa boti kwenye kona, Baudilio akarukia kijukwaa cha jiwe, akapata pa kukanyaga. Yasna akarudi nyuma kidogo ili boti isijigonge. Kutoka pale juu Baudilio aliweza kuona pande zote mbili, Mjane mkono wa kushoto, na mkono wa kulia, mbali, boti nne kama punje kwenye mstari wa zamani. Akachovya brashi. Akaiweka juu kidogo ya kichwa chake, akavuta. Weupe ukatoka mnene, unang'aa, urefu wa mkono mmoja.

Mjane akasema.

Kwanza ule mlio, paa! kama bunduki. Kipande chenyewe hakikuwa kikubwa, kama nyumba yao tu, nyumba ya vyumba viwili. Kiliteleza polepole, kwa adabu, kikazama, maji yakafunga juu yake. Sekunde moja hivi hapakuwa na chochote. Halafu maji yakainuka kutoka ukuta mpaka ukuta, na yakaanza kuja.

"Yasna! Pua! Lielekezee wimbi pua!"

Hakuhitaji kuambiwa. Injini ilikohoa, ikakubali. Akaigeuza boti, akalitazama wimbi usoni, akaongeza mwendo mpaka mwisho. Boti ikapanda, ikapanda, Ítalo anapiga kelele, birika linaruka, maji yanamwagika juu ya redio. Ikasimama pale juu kama inafikiria. Kisha ikaanguka upande wa pili kwa kishindo cha kuvunja meno.

Alipoweza kugeuza kichwa, baba yake alikuwa bado kwenye jiwe. Amelikumbatia, maji yanamchuruzika kutoka nyweleni. Kopo limekwenda. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha tumboni.

Wimbi lenyewe lilivuka kona, likajitandaza kule penye nafasi. Lilipofika kwa kina Chindo lilizitikisa boti tu, kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Nimepata!" Ítalo alikuwa anatetemeka mwili mzima, na alikuwa anacheka. "Nimepata yote! Señorita, umeona? Umeona ile? Hii ndiyo wanayoitaka! Hii ndiyo yenyewe!" Tayari alikuwa anairudia kwenye simu, kishindo kile kile, kidogo, kikitoka kwenye spika. "Tumekubaliana. Arobaini, hata hamsini. Malizieni tu mstari."

Yasna alimpa mgongo. Alisogeza boti, akamshika baba yake mkanda, akamvuta ndani. Baudilio alikaa sakafuni kwenye maji. Mkono ulikuwa umebanwa kati ya mwamba na kipande cha barafu. Vidole vitatu vilikuwa vimelala vibaya, kila kimoja upande wake. Yasna alivua skafu yake akaanza kuvifunga, na Baudilio hakulia, alikuwa anamtazama tu.

"Futa," alisema.

"Baba, tulia kwanza."

"Futa ule mstari, Yasna. Wageni kumi kwenye boti, wamesimama upande mmoja wanapiga picha. Ungeweza?"

Yasna alikaza fundo la skafu. Alijua hesabu. Boti hii ilikuwa na watu wawili, na bado ilisimama pale juu ikifikiria.

"Lindor hakukosea," Baudilio akasema. "Mimi ndiye nilimwambia chai imepoa. Nilimwambia hivyo hivyo, kwa maneno yako hayo hayo. Mjane hakuwa amesema."

Mikono ya Yasna iliganda juu ya skafu. Ítalo aliinua macho kwenye simu, akawatazama, akarudi kwenye simu.

"Kuna mafuta ya taa kwenye sanduku," Baudilio alisema. "Na brashi sijui iko wapi."

Brashi ilikuwa bado juu ya jiwe, imenasa kwenye ufa. Yasna aliiona alipopanda. Akaiacha hapo. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akajinyoosha, akaanza kusugua.

"Señorita, unafanya nini?" Ítalo aliita kutoka chini. "Señorita! Si tumekubaliana?"

Alisugua. Jiwe lilikuwa na vinyweleo kama ngozi, na rangi ya mafuta ilikuwa mbichi, mbichi kabisa. Haikutoka. Ililainika tu, ikateleza, ikashuka. Akasugua kwa nguvu zaidi. Ule mstari wa urefu wa mkono ukawa upana wa mlango. Weupe ulimpanda vidoleni, ukafunika ile rangi nyekundu ya kucha, ukamfika viwikoni. Kila alipofuta palizidi kuwa peupe, na kila palipokuwa peupe palizidi kuonekana.

Kutoka kulia, mbali, juu ya maji, honi ikalia.

Yasna aligeuka. Alijua sauti hiyo, ilikuwa ya Chindo, ndefu, yenye mkwaruzo. Akainua mikono yote miwili juu ya kichwa, akaipunga, akaipunga, hapana, hapana, mikono myeupe mbele ya jiwe jeupe.

Honi ya pili ikalia. Ya tatu. Kule kwenye boti mtu alivua kofia, akampungia naye kwa furaha.

Yasna alishusha mikono. Chini yake, ndani ya boti, baba yake alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza, midomo yake inahesabu bila sauti.

Ilikuwa bado honi moja.