Mwandaaji Aliyebaki Chumbani

Mwalimu Jenista aliandika barua ya kujiuzulu mara mbili, na mara mbili kamati ikamrudishia. Mabango ya Bonanza la Wazee la mkoa yalikwisha kuchapwa yakiwa na jina lake. Timu za wilaya za Ileje, Mbozi na Momba zilikuwa mazoezini.

"Wewe ndiye uliyewatoa wazee majumbani," mwenyekiti alimwambia. "Leo uwaache njiani?"

Hakuna aliyemtaja Mzee Efraimu, lakini ndiye aliyemkaba Jenista roho. Mwaka uliopita Jenista mwenyewe, mwalimu mstaafu wa michezo, alikwenda kata ya Mpemba mara tatu kumbembeleza mzee huyo aingie timu ya kuvuta kamba. Kamba ilikatika, mzee akaanguka, nyonga ikavunjika. Hakusimama tena. Tangu hapo, kila Jenista alipopita barabara kuu alijifanya anatazama foleni ya malori, macho yasije yakaiangukia nyumba ya mzee.

Wiki moja kabla ya bonanza, Loisi, mke wa mzee, alimfuata uwanjani. Jenista akawahi kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niandike jina."

"Jina la nini?"

"Kutembea kwa kasi. Wanawake wa miaka sitini na tano kwenda juu." Loisi hakutabasamu. "Mwaka mzima namgeuza, namwosha, namlisha. Hata kanisani siku hizi siendi. Aliyelala kitandani ni mmoja, Mwalimu, lakini tuliofungwa ni wawili."

"Na siku hiyo atabaki na nani?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza wewe."

Angemkatalia kwa mdomo gani? Akaitikia, huku akijihisi kama mtu anayefungiwa mlango kwa nje.

Siku ilipofika alimkabidhi Hezron, msaidizi wake, filimbi na orodha za timu, akaenda zake. Chumba cha Mzee Efraimu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama ukuta wa jirani. Spika ya uwanjani ilisikika vizuri. Kila mchezo ulipotangazwa, Jenista alijikuta amesimama, kisha akakaa.

"Tulia, unanichosha," mzee alisema.

"Mzee, nisamehe. Mimi ndiye niliyekuingiza..."

"Nikusamehe ili uende zako?" Mzee aligeuza kichwa. "Kamba niliitaka mwenyewe. Ulipokuja mara ya tatu nilikwisha kununua viatu. Nilikuwa nakukatalia tu ili uendelee kunibembeleza. Kinachoniuma si kamba. Ni kwamba hukurudi hata siku moja."

Jenista alimsogelea. Alimgeuza kama Loisi alivyomwelekeza, akashangaa jinsi alivyokuwa mwepesi.

"Nitafute gari tukupeleke ukaone?"

"Nibebwe kama gunia la mahindi, watu wakitazama? Hapana."

Basi wakabaki wakisikiliza. Mchana ulipita. Loisi alikuwa ameomba muda wa saa mbili tu. Alirudi saa kumi na moja jioni, vumbi hadi magotini, sauti imekauka.

"Nimekuwa wa nne kati ya tisa," alisema akihema. "Halafu timu ya netiboli ikapungukiwa mtu, wakanitia. Nikasahau saa. Nikasahau kila kitu!"

Mumewe alimtaka asimulie upya, asiruke hata hatua moja. Mzee alicheka hadi akakohoa. Kisha Loisi akakaa pembeni ya kitanda, akaikunjakunja kanga yake.

"Hao wa netiboli wamenichagua kwenda mashindano ya kanda, Mbeya, mwezi ujao. Ni siku mbili."

 Safari hiyo ya Mbeya ndiyo Jenista aliyokuwa akiiandaa tangu Januari. Mkoa wote ungemtazamia awe mbele ya msafara. Mke na mume walimgeukia kwa pamoja, bila kumwomba lolote. Akatazama lile dirisha na ukuta uliokuwa nyuma yake.

"Nitakuja," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini mno hata akalazimika kurudia. "Nitakuja kukaa naye, mama. Siku zote mbili."

"Basi uje na bao tucheze," mzee akasema. "La sivyo tutachokana."