Koti la Bi Nikeli

Usiku wa jana niliota ugomvi umeshafika kwenye matusi, na mimi ndiyo kwanza nafika. Niliumia. Ugomvi ukikosa mwanzo wake, ni kama wali uliokuta umeshapakuliwa: huwezi kujua nani alitia chumvi.

Ilikuwa uchochoroni kwetu, Mtwara, kwenye kamba za kuanikia nguo. Waliokuwa wakigombana ni mapanga mawili. Si ya kufyekea. Mmoja alikuwa panga la pangaboi, lile la darini sebuleni. Wa pili alikuwa panga la tabaini, wale wanaojipanga kuzunguka gurudumu la mtambo wa gesi, wapigwe na moto, wazunguke, watu tupate umeme. Kazi yangu karakana ndiyo hiyo, kuwakagua kama wametengenezwa kwa madini yanayotakiwa. Alikuwa amesimama mlangoni kwake, amevaa koti lake, ule utando wa kumkinga na moto, mikono kiunoni, na mimi sikushangaa kwamba ana kiuno.

"Chuma wewe!" Mama Pangaboi alikuwa anapiga kelele. "Chuma cha komeo! Umejifunika koti la watu, unajitia nikeli!"

"Nani chuma? Mimi nikeli, mama yangu nikeli, bibi yangu nikeli! Kamuulize aliyeniyeyusha akanisubu! Sina haja ya kubishana na mtu anayepuliza nzi kwenye wali wa wenzake."

"Basi vua koti tukuone."

"Sivui."

"Eeeeh!" ukasema uchochoro mzima.

Nikamuuliza mtu aliyekuwa karibu yangu kuna nini. Alikuwa pipa la maji. Akanijibu bila kugeuka, kama wanavyojibu watu wasiotaka kupitwa.

"Mtambo unawashwa sasa hivi, na kwenye gurudumu kuna pengo moja. Huyo Bi Nikeli ndiye wa kulijaza. Akiwa nikeli kweli, moto haumfanyi kitu. Akiwa chuma, atakatika, na akikatika atawafyeka wenzake wote. Mkaguzi ni wewe."

"Na nikishindwa kujua?"

"Pengo unajaza wewe. Vipimo vyako tunavyo."

Najitazama. Shati langu lina matundu ya bolti.

Nikatoa bunduki yangu ya eksirei. Si ya kuua, ni ya kupimia: unaielekeza kwenye chuma, inakusomea kilichomo. Nikaielekeza kwa Bi Nikeli, nikabonyeza. Haikutoa mwanga. Ilikohoa.

"Siingii nyumba ya mtu bila hodi," ikasema. Ilikuwa na sauti ya mjomba wa upande wa mama. "Hodi!"

"Karibu," ikajibu sauti.

"Alumini," ikasoma bunduki. "Kromi. Kobalti."

"Nikeli iko wapi?" Mama Pangaboi akaruka. "Mmesikia wenyewe! Hakuna nikeli! Mzungusheni mtaani!"

Pipa likaanza kunizungushia kamba miguuni, polepole, kwa adabu.

"Ngojeni kwanza," nikasema. "Aliyeitika karibu ni nani?"

"Ni mimi," likasema koti. "Mimi nakaa barazani. Wageni wote nawaitikia mimi. Wengine huwa wanaridhika, wanaenda zao."

Hapo kwenye kamba ya nguo foronya moja ikafunguka, akatoka fundi wetu mkuu, Fundi Nandonde, amelowa chapachapa. Alisema kile anachosema kila siku karakana.

"Pima mwili, usipime koti. Mgeni wa barazani hajui kilichopikwa jikoni." Akajikamua mkono wa shati. "Huyo, tupa." Akarudi foronyani.

Bi Nikeli akapiga ukelele uliozima redio ya jirani. Akaingia ndani, akafunga komeo. Tulipougeukia mlango, uchochoro ulikuwa umekuwa karakana, ila nguo zilikuwa bado zinaning'inia.

"Mmesikia?" analia ndani. "Tangu jana mimi nasikia, 'Huyo tupa, huyo tupa!' Nitupwe nimekosa nini? Nivue koti, halafu mnipeleke kwenye vyuma chakavu nikalale na mabati ya choo? Sivui!"

"Hata mimi nilisikia," pipa likasema. "Nimeshamwambia kila mtu."

Nilicheka mpaka kamba zikalegea. "Bi Nikeli, shoga yangu! Si tupa ya kutupa! Ni tupa ya kukwangulia!" Nikaiokota miguuni pangu, nikaipitisha chini ya mlango ili aione, kile kipande cha chuma chenye meno madogo madogo.

"Jina langu ndilo linaloniponza," ikasema tupa kwa huzuni. "Fundi akiita 'Tupa!', aliyenishika ananitupa. Hivi ninavyozungumza na nyinyi natokea mtaroni."

Komeo likasogea.

"Utakwangua wapi?"

"Mguuni, pasipofika moto. Kiasi cha punje ya choroko tu. Koti lako lote linabaki."

"Sawa. Lakini aanze kuvuliwa mkaguzi. Na yeye tumjue ana nini ndani."

Uchochoro, ambao ulikuwa karakana, ukapiga makofi. Bunduki ikanigeukia.

"Hodi!"

"Karibu," likaitika koti langu la kazini.

"Pamba," ikasoma bunduki. "Grisi. Maneno mengi."

Tupa ikanikwangua ukosi, kre, kre. Bunduki ikapiga hodi tena.

"Karibu!" likaitika tumbo langu, kwa sauti ambayo sikujua kama linayo.

"Njaa," ikasoma bunduki. "Njaa tupu. Haijachanganywa na kitu."

"Amelala bila kula," pipa likawaeleza watu. "Jioni kachota pilau ya Somoe, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Kachota ya juujuu, kamwambia haina nyama, ni wali umepakwa rangi. Somoe kafunika sufuria yake."

Nilitamani niingie foronyani.

Ikaja zamu ya Bi Nikeli. Tupa ikaimba mguuni kwake, na koti likajisogeza kidogo, kama pazia. Mtambo unaanza kunguruma. Pipa limeshanifikisha kwenye pengo, nimeingia hadi kiunoni.

"Hodi!" ikasema bunduki.

Kimya.

"Hodi!"

Kimya. Mama Pangaboi akatabasamu. Kila mtu anajua, hodi ya tatu isipoitikiwa mgeni anageuka. Nimeingia hadi mabegani, na gurudumu limeanza kujitikisa.

"Hodi, wenyewe!"

"Karibuni! Karibuni!" ikatoka sauti ndani kabisa, nyuma ya mwiko unaogonga sufuria. "Mniwie radhi, mkono ulikuwa jikoni!"

Bunduki ikaingia. Ilikaa sana. Ikatoka inajifuta mdomo.

"Nikeli," ikasema. "Nikeli nyumba nzima. Kromi ya kutosha, na alumini kama chumvi kwenye mchuzi. Nyumba ya heshima."

"Mimi nilijua tangu mwanzo," akasema Mama Pangaboi, akaenda zake darini.

Gurudumu likanitema. Bi Nikeli alikuwa mlangoni, koti lake begani, kitundu kidogo kinang'aa mguuni kama kikuku.

"Na wewe mkaguzi, umeng'ang'ania nini barazani? Vua viatu uingie. Chakula kinapoa."

Nikainua mguu kuvuka kizingiti, nikaamka.

Jua lilikuwa limetoka. Karakana panga la kweli lilikuwa linanisubiri, lile ambalo jana bunduki ilisoma na kila mtu akasema la bandia. Nikanyoosha mkono kuchukua koti langu la kazini msumarini. Ukosini kulikuwa na mahali pamekwanguliwa hadi uzi unaonekana. Padogo. Kiasi cha punje ya choroko.

Nilikuwa bado napagusagusa nilipogongewa mlango.

"Karibu," nikasema.

Aliingia Somoe, uso umekunjwa, mkono mmoja umeshika sufuria yenye mfuniko.

"Nisikaribishwe mimi," akasema. "Nimelala kwa shida. Tumbo lako, bibi we, limeniitikia 'karibu' ukutani, na hodi sijapiga." Akafunua sufuria, akazamisha mwiko mpaka chini, akauinua. Nyama zikatokea, nene, zimelala na kiporo chake cha pilau. "Ya juu ulishaionja. Haya, twende kwangu ukale."