Vipele Mdomoni mwa Mpiga Tarumbeta

Mjukuu wangu alipocheka mazoezini, mwalimu wa bendi aliona vipele ndani ya mdomo wake wa chini: vidogo, laini, rangi ileile ya mdomo. Papo hapo akampokonya tarumbeta.

"Mpaka upone. Hapa tunapokezana kipulizio kimoja. Utatuambukiza sote!"

Mwezi uliofuata bendi ingepiga kwenye ufunguzi wa uwanja wa michezo, na kipande cha wimbo kinachopigwa na tarumbeta peke yake kilikuwa chake. Alirudi nyumbani macho mekundu. Mimi sikupaniki. Katika familia yetu watu hawaachi kazi kwa sababu ya kipele. Nilimpeleka kwa daktari wa kinywa, akakata kinyama kidogo kikapimwe. Siku ya majibu nilivaa koti, nikamfuata mwalimu karakanani kwake, anakochomelea mageti.

"Twende ukasikie mwenyewe."

"Mzee, mimi siumwi."

"Hukuitwa kutibiwa. Umeitwa kusikia."

Daktari, dada mmoja asiyepoteza maneno, alitukalisha watatu, mimi, mwalimu na mjukuu, kwenye benchi. "Ni virusi vya jamii ya papiloma, aina inayopenda utando wa mdomo. Si saratani, wala si uchafu."

"Vinaambukiza?" mwalimu akadakia.

"Vinaweza, kwa mate."

Mwalimu akanigeukia kama aliyefunga bao. "Nilisema mimi!"

"Fungua mdomo," daktari akamwambia. Akammulika mashavu, ulimi, fizi. "Umepokezana naye kipulizio tangu lini?"

"Tangu alipoanza, miaka sasa. Na mimi safi kabisa, si unaona?"

"Ndicho ninachotaka ukione. Huenda virusi vilikufikia, kinga yako ikavitimua. Kuna watu ambao, kwa walichorithi, kinga yao huchelewa kuvitambua. Yupo mwingine kwenye ukoo?"

"Mimi hapa," nilisema, "na dada yangu. Tulikuwa navyo utotoni. Vilitoweka vyenyewe."

"Basi vya mjukuu navyo huenda vikaondoka hivyo hivyo. Tarumbeta apige. Ila kila mtu awe na kipulizio chake."

Mwalimu alicheka, hasira imemtoka. "Kumbe Mzee! Wenzako wanarithisha mashamba, wewe vipele!"

"Na mapafu," nilimjibu. "Kuna mwingine katika bendi yako anayeifikia ile noti ya juu?"

Mwalimu alikuna kidevu, akatazama chini. "Kupokezana niliwazoesha mimi. Tangu nikiwa kijana tulipiga hivyo, tukaona ndio udugu."

"Udugu utabaki," nilisema. "Mate ndiyo kila mtu abaki na yake."

"Kwa hiyo napiga au sipigi?" mjukuu akauliza.

Mwalimu akatoa kipulizio mfukoni, akamwekea kiganjani. "Kichemshe, kiwe chako. Mazoezi saa kumi. Ukichelewa, kile kipande nakipiga mimi."

"Kwa kipulizio kipi, mwalimu?"