Pole ya Mapema

Mama mkwe wangu alikuwa na ugonjwa wa kusema pole kabla ya wakati. Watu wengine husema pole mtu akishajikwaa. Yeye aliisema ukiwa bado unatafuta viatu. Mwanzoni niliona ni mapenzi tu ya mzazi, nikanyamaza, maana mume wangu alikuwa ameumia kweli na mimi nilishuhudia.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Yeye hupiga fremu na kubana sponji, mimi hushona vitambaa vya kuvalisha, cherehani yangu ikiwa pale pale mlangoni pa karakana. Siku hiyo alikuwa akishusha kochi la watu watatu kutoka kwenye gari, yeye na dereva. Dereva akateleza, uzito wote ukamwelemea mume wangu. Nilisikia akitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu anioe. Alilala kwenye saruji macho wazi, akiniambia nisimguse.

Hospitali walimpiga picha. Mfupa ulikuwa salama. Msuli ndio uliochanika. Alipewa dawa, akaambiwa apumzike siku chache kisha aanze kutembea. Ndipo mama yake akaja na begi lake kutusaidia kuuguza, na begi lile halikufungwa tena.

Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingekuwa rahisi. Baba mkwe alikufa kwa maumivu ya tumbo aliyoyadharau, akisema ni gesi tu, mpaka siku alipoanguka. Tangu hapo mama alijiapiza kwamba hakuna wa kwake atakayedharau maumivu tena.

"Maumivu ni mjumbe," alikuwa akituambia, "na mjumbe hauawi."

"Hauawi, mama," nilimjibu, "lakini hapewi na chumba cha kulala."

Hakucheka. Mume wangu naye hakucheka, na zamani alikuwa mtu wa kucheka hata akijigonga kidole kwa nyundo.

Basi mgonjwa akawekwa sebuleni kwenye kochi, mito nyuma, mito ubavuni. Akitaka kunyanyuka, mama ameshafika, ameshamshika kiwiko. "Pole, mwanangu. Taratibu. Hapo ndipo panapouma, eh?" Na kweli palimuuma. Nilikuwa nikimtazama usoni: anakunja uso kabla hajasogea, anabana pumzi, anakaza mgongo mzima kama mtu anayesubiri kofi. Mgongo uliokazwa namna hiyo utaacha vipi kuuma? Mwanzoni maumivu yalikuwa kiunoni, upande mmoja. Yakahamia pande zote mbili, yakapanda mabegani, yakashuka miguuni. Ikafika mahali hata shuka likimgusa vibaya anashtuka.

Nilimburuta kwa daktari wa mazoezi ya viungo, na mama akaja nasi. Daktari alikuwa binti mfupi mwenye mikono ya baridi. Alimpapasa mgongo wote, akamwambia ainame kidogo tu, hata kama vidole havitafika magotini. Mume wangu akakataa.

"Mara ya mwisho kujaribu ni lini?" binti akauliza.

"Sijajaribu. Najua itauma."

"Sikatai kwamba unaumia," binti alisema. "Maumivu yako ni ya kweli kabisa. Ila kidonda kimepona, mlinzi wa mwili ndiye hajaambiwa. Aliibiwa mara moja, sasa kila paka akipita anapiga king'ora. Na wewe ukizidi kuogopa, yeye anazidi kupiga. Inabidi umwonyeshe kidogo kidogo kwamba ni paka tu."

Nilitamani kumkumbatia yule binti. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni, mkoba magotini. Tulipotoka nje ndipo aliposema, "Kale katoto hakajawahi kuugua hata mafua. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Hatukurudi kule.

Nilifungua karakana peke yangu, nikawa nashona mapazia. Lakini kilichonikosesha raha hakikuwa karakana, wala si mgongo wa mume wangu. Alikuwa mtoto.

Tunaye binti mmoja, na majirani wanamwita Upepo kwa sababu kutembea hajui, anajua kukimbia. Jioni moja nilirudi nyumbani nikamkuta amemlaza mwanasesere wake kwenye kanga zilizokunjwa, nyuma na ubavuni. Alimshika mkono, akamnyanyua kidogo kidogo, na kwa sauti ya bibi yake akamwambia, "Pole. Hapo ndipo panapouma, eh?" Kisha akalia kwa niaba ya mwanasesere. Bibi alikuwa akimtazama na kutabasamu. Wanasema samaki mkunje angali mbichi, na mimi niliona wazi kwamba wangu anakunjwa, tena si na mimi. Nilimtoa nje akacheze.

Wiki hiyohiyo, nilikuwa uani nikianika nguo. Mume wangu alikuwa ametolewa akaketishwa kwenye kiti apate jua. Upepo alipanda juu ya ukuta mfupi wa karo la kufulia, akawa anatembea juu yake huku amenyoosha mikono, na mguu ukateleza. Mimi nilikuwa mbali, nimekumbatia mashuka yanayochuruzika maji. Aliyemfikia ni baba yake. Aliruka kutoka kwenye kiti, akainama, akamdaka kabla hajagusa chini, akainuka naye kifuani. Nililiona kwa macho yangu mawili. Mgongo ulipinda na kunyooka kama zamani, na mume wangu alikuwa anacheka. Nilifurahi mpaka mashuka yakanidondoka.

"Mgongo wako!" mama akapiga kelele kutoka mlangoni.

Kicheko kikazimika. Nilimwona akikumbuka. Kumbukumbu ilimwingia machoni kwanza, ikashuka mabegani, ikafika kiunoni. Alipiga yowe, mikono ikaachia. Mtoto alianguka kwenye saruji, na mkono wake mmoja ukiwa chini yake.

Mkono ulivunjika juu ya kifundo. Tulirudi kutoka hospitali na mtoto mwenye plasta ngumu, akawekwa kwenye kochi karibu na baba yake, na mito ikagawanywa. Nilimsubiri mume wangu amkemee mama yake. Nilisubiri aseme hata neno moja. Alilia sana, na alipomaliza akasema, "Kosa ni langu. Nisingeinuka pale, asingeumia."

"Usingeinuka angeangukia kichwa," nilimwambia. "Ulimdaka. Ulisimama naye mzimamzima. Mbona hulisemi hilo?"

"Na unaona kilichotokea," akajibu, na mama yake akamshika bega.

Plasta ilipotolewa, daktari alisema mfupa umeunga vizuri, kama ilivyo mifupa ya watoto, na tumwache auchezee mkono atakavyo. Nilifurahi njia nzima. Nyumbani nikamimina maji kwenye kikombe, nikampa upande ule uliopona. Aliuficha mkono kifuani, akapokea kwa mwingine.

"Tumia huu, mama," nilimwambia. "Umeshapona."

"Unauma."

"Unauma sasa hivi?"

Alifikiri. "Bado," akasema.

Neno lile nilikuwa nimeliona usoni mwa baba yake kila alipotaka kunyanyuka, ila hakuna aliyewahi kunitamkia. Bibi akasema, "Pole, mjukuu wangu," na mtoto, ambaye hakuna aliyemgusa, akaanza kulia.

Niliingia chumbani nikakusanya nguo zake. Dada yangu anakaa mtaa wa pili, ana nyumba iliyojaa watoto wanaoanguka, wanajikung'uta vumbi na kurudi mchezoni. Nilirudi sebuleni na mfuko begani, nikawaambia kwamba tunaenda kwa dada, na kwamba tutarudi mtoto akishaanza kukimbia tena.

"Utamuumiza mtoto," mama mkwe alisema.

"Mama, nakuheshimu. Lakini huyu nimemzaa mimi, na mnamvunja mara ya pili."

Mume wangu alikuwa akiutazama ule mkono. Nilimshika mtoto vidole vya mkono huohuo, taratibu, kwa makusudi, ili ajue unashikika. Alinung'unika, lakini akaja. Hatua ya kwanza, ya pili, na vidole vyake vikaanza kulegea ndani ya vyangu. Nikajua kwamba tukifika barabarani nitakuwa nimempata.

Ndipo mume wangu aliponyanyuka. Hakuna aliyemshika kiwiko. Alitupita kwa zile hatua ndefu nilizozingoja tangu siku ya kochi, akatutangulia mlangoni, akanyoosha mkono mpaka kwenye komeo la juu akalisukuma. Akazungusha ufunguo. Ukamponyoka, akainama, akauokota sakafuni, akautia mfukoni.

"Huko nje ataumia," alisema.

Nilimwambia anipishe. Nilimwambia kwa upole, kisha si kwa upole. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono ameinyoosha kumpokea mtoto, na kwa mara ya kwanza tangu aingie nyumba ile hakumpa mwanawe pole. Hakukuwa na sababu. Mume wangu alisimama wima mbele ya mlango, pumzi zimetulia, na hakuna mahali palipokuwa pakimuuma.