Pembeni ya Kikombe

Wataalamu husema mwanamume mwenye mke humeza dawa za presha kwa uaminifu zaidi kuliko mgane. Hawasemi ni nani huzitoa kwenye pakiti.

Taisto Kervinen, mkataji miti mstaafu wa viungani mwa mji wa Joensuu, alikuwa na mke. Mwezi huo wa Julai, hata hivyo, mke huyo, Hilkka, alikuwa mji wa mbali wa Oulu kwa binti yao aliyejifungua mapacha. Taisto akaenda peke yake kupimwa kabla ya kufanyiwa upasuaji wa nyonga, aliousubiri mwaka mzima ili Oktoba aingie tena msituni na wenzake kuwinda.

Outi, muuguzi, alipima mkono wa kulia, kisha wa kushoto, kisha akasubiri na kupima tena, kwa adabu tu.

“Mzee Taisto, presha imepanda mno. Dawa unameza?”

“Miaka ishirini sijakosa hata siku moja.”

“Na leo asubuhi?”

“Leo hazikuwepo.”

“Zimekwisha?”

“Nitajuaje? Hazikuwepo pembeni ya kikombe cha kahawa. Wiki ya pili sasa. Nikajua daktari ameniachisha.”

“Kwani huwa anaziweka nani?”

Taisto alilitafakari swali hilo kwa uzito uliolistahili.

“Huwa zipo tu.”

Outi akampigia Hilkka simu na kuiweka mezani, sauti ikiwa juu.

“Ziko kwenye droo ya vijiko, binti yangu,” alisema Hilkka, huku mapacha wakilia kwa zamu. “Nilimwambia mlangoni. Alikuwa anasikiliza taarifa ya hali ya hewa. Basi, kesho narudi.”

“Usirudi, mama. Na dawa zako mwenyewe za presha je, ulizibeba?”

Hilkka akawabembeleza mapacha kwanza.

“Nilikuwa na haraka,” alisema. “Niliwafungia nguo za watoto, nikampikia huyu supu za kugandisha… Tangu masika nilikuwa nakusudia kuja kupimwa.”

Taisto akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

“Unaona, dada? Wanawake hawa hawajali afya zao.”

“Kapime huko huko Oulu, mama, leo hii,” Outi alisema. Kisha akamgeukia Taisto. “Kwa presha hii daktari hakupasui. Nafasi nyingine ni Novemba, tena ukizimeza.”

“Novemba! Wenzangu watakuwa wameshamaliza nyama!”

“Basi anza leo.”

Taisto aliitazama saa ya ukutani, akaitazama nyonga yake, kisha akaiinamia simu.

“Hilkka,” aliuliza, “droo ya vijiko ndiyo ipi?”