Bahasha Kumi na Moja za Nywele

Mwaka 1991 nilikuwa mtunza maabara katika sekondari moja ya Musoma. Mabomba yake hayakutoa gesi, na chupa nyingi zilikuwa na lebo tu, ndani hamna kitu. Kemia niliisoma katika masomo ya jioni baada ya kazi, nikafaulu mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa. Nalitaja hili kwa sababu ndilo lililomfanya Dokta Boniphace Keraryo anichague.

Dokta Keraryo alifundisha kemia isokaboni chuo kikuu, kemia ya metali na chumvi. Alikuwa mtu wa kwetu, amechoka kama walimu wote wa miaka ile, akienda darasani na chaki aliyonunua mwenyewe. Biashara ya dhahabu ilikuwa imefunguliwa, na nyuma ya Butiama akina mama walikuwa wakichanganya mchanga na zebaki, kisha wanachoma lile donge juu ya mkaa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, nao unaingia mwilini.

Dokta alibuni kifuniko cha chuma chenye bomba la kuurudisha ule mvuke kwenye maji. Fundi mmoja wa Bunda akachomelea vifuniko arobaini na viwili. Ili tujue kama vinasaidia, ilibidi tupime sumu mwilini kabla ya vifuniko na baada yake.

"Mkojo ungefaa zaidi," Dokta aliniambia, "lakini barafu ya kuufikisha Dar utaitoa wapi? Tutachukua nywele."

Mwezi wa sita tulikata nywele za kisogoni za wanawake arobaini na wawili. Kila mmoja alielezwa, akakubali, akaweka dole gumba kwenye fomu. Awamu ya pili ingekuwa mwezi wa kumi na moja. Dokta alinipa sheria moja: sampuli isiyokuwepo, andika haikuwepo. Akanipa na ahadi.

"Kazi ikikamilika jina lako litakuwa na langu. Sio kwenye shukrani. Juu, penye waandishi."

Nilipofika nyumbani niliyaandika majina yetu kwenye karatasi, nione yatakavyokaa: B. Keraryo na N. Makongoro. Yalikaa vizuri.

Mwezi wa kumi na moja Dokta alikuwa akisahihisha mitihani, nikaenda peke yangu. Nikakuta mzee Enoka, mkubwa wa ukoo mmoja wa pale, amezikwa wiki iliyotangulia na ukoo mzima umenyolewa kwa msiba. Wanawake wetu kumi na mmoja walikuwa wa ukoo huo. Hyasinta, aliyeniita shemeji kwa kuwa mke wangu ni wa kwao, alivua kitambaa akanionyesha kichwa kinachong'aa.

"Umechelewa, shemeji. Wembe umepita."

"Sasa mimi nitakata nini?"

"Kata ndevu za mbuzi. Huko kwenye mashine watajuaje?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nikasema nitarudi Alhamisi kwa wale wa ng'ambo ya mto. Alhamisi nikakuta bahasha kumi na moja zinanisubiri, zimejaa, zimegandishwa kwa ugali, kila moja na jina lake.

"Tumewahurumia," Hyasinta alisema. "Mnatokaga mbali."

Penseli nilikuwa nayo mkononi. Nilijiambia kuwa labda walihifadhi nywele zilizonyolewa, ingawa nilijua nywele za msiba hazibaki nyumbani. Sikuuliza. Nikazitia kwenye mkoba pamoja na nyingine.

Majibu yalikuja mwezi wa pili. Wiki hiyohiyo nilipita kwa Hyasinta, nikamkuta anachoma donge jikoni kwake, mlango umefungwa.

"Kifuniko chenu kizuri," alisema. "Siku hizi hata nje sitokagi. Upepo ulikuwa unanisumbua."

Aliponimiminia chai, nusu yake ilimwagika kwenye kisahani. Akaitazama mikono yake akasema ni uzee. Alikuwa na miaka thelathini na minne.

Siku tatu baadaye Dokta alifika na wanafunzi wanane waliokuwa kwenye mafunzo ya vitendo. Aliazima darasa katika chuo cha Buhare. Aliwafundisha jinsi zebaki inavyoshikana na dhahabu, na jinsi joto linavyozitenganisha. Kisha akachora jedwali letu ubaoni. Wastani wa zebaki ulikuwa umeshuka.

"Mnamwona Mzee Makongoro? Hana digrii," aliwaambia. "Lakini bahasha zake arobaini na mbili zimetimia. Nyie mnaopika matokeo ya praktikali dakika tano kabla ya kukusanya, mwangalieni vizuri."

Waligeuka wote wakaniangalia. Maisha yangu yote nilikuwa nimetamani kuangaliwa hivyo na watu wa chuo kikuu.

Walipotoka kwenda kunywa chai nilibaki. Dokta alikuwa anapangusa vumbi la chaki mikononi.

"Dokta, kumi na moja sio zao."

"Ni za nani?"

"Za ndugu zao, nadhani. Wenyewe walikuwa wamenyolewa msibani."

"Ulijua lini?"

"Sikuuliza. Lakini nilijua siku ileile."

Alikaa juu ya dawati. Akatoa karatasi zake, nikamtajia majina, akakata mistari kumi na mmoja polepole kwa rula, akapiga hesabu kwenye kikokotoo. Akairudia.

"Hawa thelathini na mmoja hawajashuka," alisema. "Kifuniko kinavuja, au hawakitumii, au mimi sijui kemia. Ungeandika haikuwepo, leo ningekuwa natafuta kinavujia wapi."

"Hyasinta anachomea ndani sasa. Kwa sababu ya kifuniko."

Alifumba macho kidogo. Hakunigombeza. Nadhani hakuwa na nguvu.

"Wanafunzi wakirudi, utawaambia wewe au niwaambie mimi?"

"Nitawaambia mimi. Na jina langu kwenye ripoti liondoe."

"Ripoti ipi, mzee?"

Niliwaambia nikiwa nimesimama mbele ya ubao. Hakuna aliyecheka. Mmoja aliinamisha kichwa na kuandika kwenye daftari, na hilo liliniuma zaidi.

Kesho yake nilikwenda Butiama. Hyasinta alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono ameikunja ndani ya khanga.

"Kwa hiyo hakifanyi kazi."

"Hatujui. Mpaka tujue, chomea nje, upepo ukiwa mgongoni kwako."

"Na zile nywele? Za dada yangu ni damu moja na mimi. Yeye ameolewa Mugeta, hakuwahi msiba, analima tu, nikajua zitakuwa safi, mtafurahi."

"Tulifurahi."

Hyasinta akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Shemeji, wewe umesoma. Hukukiona kichwa changu?"

"Nilikiona."

"Ukachukua."

"Nikachukua."

Aliinuka akaenda jikoni. Alishika jiko upande mmoja, likamtetemekea mikononi, mkaa ukadondoka. Nikaingia nikashika upande wa pili. Tukalitoa nje, yeye akitembea kinyumenyume, wala hakuniangalia mpaka tulipolitua.