Orfeusi Aliyesinyaa

Saa mbili asubuhi kalipa, kifaa chake cha kupimia upana, ilisoma milimita themanini na nane na nusu. Daktari wa meno alizifuta taya za kalipa kwa pamba, akapima tena. Themanini na nane na nusu.

Nishani ya Orfeusi, yule mpiga kinubi aliyeshuka kuzimu kumfuata mkewe, ilikuwa na upana wa milimita tisini. Baba yake daktari ndiye aliyeisubu kwa shaba iliyoyeyushwa, akavunja kalibu ya udongo papo hapo isije ikatoka nyingine. Daktari aliipima siku aliyokabidhiwa, kama alivyokuja kupima kila aliyonunua baadaye: Medusa na nyoka zake kichwani, Ikaro akiporomoka, Prometheus na tai wake. Zote zilikaa kwenye kabati la chumba cha nyuma cha kliniki, na shangazi zake walizoea kusema ameolewa na mashetani ya Wagiriki.

Orfeusi tu ndiye ambaye hakununuliwa. Ilikuwa kazi pekee ya mzee iliyobaki. Adhuhuri gari la makumbusho lingekuja kuichukua kwa maonyesho, na walichoomba ni kipimo, wapate kuchonga kishikizo.

Shaba haisinyai kabatini. Husinyaa inapopoa ndani ya kalibu, basi. Ndiyo maana ukiigandamiza nishani kwenye udongo na kusubu nyingine humo, ya pili hutoka ndogo kuliko ya kwanza. Daktari akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Fundi wa kuiga kwa usafi ule alikuwa mmoja tu, naye alirithi kiwanda cha mzee: Masizi, mdogo wake daktari. Akampigia simu aje.

Masizi aliingia na aproni yake, mdomo umejaa mzaha.

“Dada, kama ni kung’oa, mimi nadai ganzi mbili.”

“Nishani yangu iko wapi?”

“Si hiyo mkononi?”

“Huyu ni mtoto wake.”

Mzaha ukamkauka. “Nani kakwambia?”

“Kalipa.”

Masizi akavua kofia, akaikunja. “Sawa. Wiki ile baba amelazwa, wewe uko naye hospitali, niliichukua nikatoa nakala. Nilitaka aondoke na Orfeusi wake kifuani. Nakala tu, dada! Nikaitia ndani ya koti lake kabla jeneza halijafungwa. Ya kwako nikairudisha kabatini. Kosa liko wapi?”

“Uliyoirudisha ni hii.”

“Thubutu! Ya kwako ilikuwa mfuko wa kulia.”

“Ulizipima?”

“Nipime nini, na baba amelala pale? Nilizipaka dawa moja, zikatoka weusi mmoja. Hata mimi mwenyewe nilikuwa siwezi…”

Aliisikia sentensi yake, akaiacha njiani. Akampokonya dada yake kalipa, akapima mwenyewe. Themanini na nane na nusu. Uso ulimparara.

“Baba anayo,” alisema. “Miaka mitatu. Chini ya zege.”

Katika chumba cha mbele mgonjwa alikohoa, akafunua gazeti.

“Usiwaambie makumbusho,” Masizi alinong’ona. “Milimita moja na nusu, dada yangu. Nani ataona?”

“Nimeona mimi.”

“Watasema nimezika kazi ya baba!”

“Umeizika.”

Alivuta kadi nyeupe na kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa, polepole, kama anayemwandikia dawa mgonjwa kiziwi: ORFEUSI. NAKALA. KAZI YA MWANA WA MSANII. YA ASILI IMEZIKWA PAMOJA NA BABA YETU WAWILI. Alisita, akakata neno “wawili”, akaandika kadi nyingine bila hilo.

Masizi aliisoma, akaziba mdomo kwa kofia. Kisha akaichukua nishani, akailaza ndani ya sanduku lake, uso juu.

Adhuhuri gari lilifika. Aliyelibeba sanduku hadi mlangoni ni Masizi, kadi ikiwa juu ya kifuniko.